Mkwe wa Nyanya za Jioni

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke kwanza, maana wenzangu chumbani wameshanicheka wote na hakuna hata mmoja aliyenipa la maana. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa pili, nakaa hosteli na wenzangu wawili, tunachanga na kupika pamoja, na tangu mwanzo kazi ya kwenda sokoni niliachiwa mimi, si kwa sababu najua vyakula bali kwa sababu wanasema nina ulimi, na kweli ulimi ninao, ndio ulionifikisha hapa.

Mambo yalianza hivi. Hela ya matumizi, ukishatoa ya fotokopi na nauli, inayobaki haifiki mwisho wa mwezi hata uibane vipi, kwa hiyo nikajifunza kwenda sokoni jioni wakati wauzaji wanafunga, maana saa hiyo mtu hataki kurudi nyumbani na mzigo, na katika safu ya mboga kuna mama mmoja anayeuza nyanya na bamia, mcheshi kweli lakini bei hapunguzi hata ulie. Siku ya kwanza niliomba anipunguzie akakataa, nikaomba aniongezee akakataa, basi nikaona nipite mlango mwingine, nikamwambia, "Mama mkwe, kweli utamlaza mkweo njaa?" Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akacheka, akanitilia nyanya mbili juu ya fungu langu. Mshauri, nani angeishia hapo?

Nikawa mkwe. Kila nikifika ni shikamoo mama mkwe, naye marahaba mkwe wangu, mwenzio anakuulizia, nami najibu aniandalie tu, nikimaliza masomo nitakuja kumchukua, safu nzima inacheka na mfuko wangu unajaa, wenzangu chumbani wakawa wananisindikiza hadi mlangoni wakinikumbusha nisisahau kumsalimia mama. Huyo binti mwenyewe nilidhani ni wa maneno tu, kama ile bei ya kwanza wanayokutajia.

Kumbe yupo. Siku moja nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kifudifudi, amekuja kumsaidia mama yake kufunga, mtu mzima mwenye kazi yake, ni fundi simu mtaa wa nyuma ya soko, na mama akatangaza kwa sauti ya kusikika safu nzima kwamba mkwe ndiye huyu. Yule dada alikuwa na simu ya mteja mapajani, ameifungua, anaichokonoa kwa bisibisi yenye mpini mwekundu, hata kichwa hakuinua, akasema, "Ndiye huyu anayekula mahari yangu kidogo kidogo?" Mimi niliyepewa kazi kwa sababu ya ulimi nikajikuta nahesabu nyanya. Tangu siku hiyo nimepita kwenye kibanda chake mara kadhaa, kwa kuwa tu ndiyo njia fupi, na simu yangu ilikuwa haishiki chaji, akaitengeneza huku anapiga mluzi, lakini hayo hayahusiani na shida yangu.

Shida yangu ni kwamba mama aliniambia Jumapili niende kwake kunywa chai, kaka yake atakuwepo, yaani mjomba wa binti, na muuza vitunguu wa meza ya pili akapiga kigelegele, nami nimeshika mfuko wa nyanya mkononi, nikasema, "Nitakuja, mama." Sikwenda. Nilivaa shati, nikafika kwenye lango la hosteli, nikageuka nikarudi kulala. Tangu hapo soko lile sijalikanyaga, nyanya nanunua dukani, zile zinazopangwa nne nne kwenye kisahani na kufunikwa nailoni, kwa bei ambayo kwa mama ningejaza kapu, na chumbani tumerudi kwenye wali mtupu. Mwenzetu mmoja tunamwita Mhazini kwa sababu ndiye anayeshika mchango, na huyo amenieleza waziwazi niende nikaoe, wao wanakufa njaa.

Kilichoninyima raha hasa ni hiki. Dada mmoja wa hosteli ya jirani hununua mboga pale pale, na ameniambia kila Jumamosi mama ananiwekea mfuko wangu chini ya meza, mteja akiutaka anaambiwa huo una mwenyewe, na majirani wakimuuliza mkwe kapotelea wapi anawajibu, "Mwacheni, ana mitihani." Mshauri, mitihani ilikwisha zamani. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Sasa niambie, niende nikawe bwana harusi kwa ajili ya nyanya, nami hata godoro ninalolalia ni la hosteli, au nihamie soko la upande wa pili wa mji, ingawa nauli yake inalimeza punguzo lote? Naomba unijibu haraka, vitunguu navyo vimeisha.

Ni mimi,
Mkwe wa Jioni

Mkwe wa Jioni,

Uliomba nisikucheke kwanza. Sawa, nimekucheka baadaye, nilipofika kwenye bisibisi. Tutaifikia.

Nianze kwa kukutoa hofu. Hakuna mama aliyekomaa sokoni anayemwoza binti yake kwa mdomo wa mteja. Huyo mama tangu asubuhi anaitwa shangazi, mchumba, dada mrembo na mama mkwe, na wote wanaomwita hivyo wanataka kitu kimoja. Wewe unadhani ulimhadaa. Umeandika mwenyewe kwamba hapunguzi bei hata mtu alie, na kwamba kabla hajacheka alikutazama kuanzia juu mpaka chini. Alichokiona hapo ni mtoto wa watu aliyekuja sokoni jua linazama kutafuta cha bei ya mwisho. Akaona afadhali akupe kwa kicheko kuliko akupe kwa huruma, ili kesho usione haya kurudi. Kwa hiyo huo ulimi usikuvimbishe kichwa.

Na chai ni chai. Soma tena barua yako uone kama alitaja wazee, posa au siku ya kufunga ndoa. Inawezekana ana lake moyoni, siwezi kumsemea. Labda alitaka kaka yake amwone kijana anayemchekesha kila jioni, labda alitaka ushibe siku moja. Ungeuliza ungejua, lakini wewe ulivaa shati, ukafika langoni, ukarudi kulala.

Sasa bisibisi. Mama amekulisha muda wote huu na hukuniambia hata kilemba chake ni cha rangi gani, ila mpini wa bisibisi ya binti unajua ni mwekundu, na mluzi wake unaukumbuka. Eti njia fupi. Mimi pia nimekuwa kijana, mwanangu, na njia fupi za namna hiyo nazijua, zote huwa zinazunguka. Hukukimbia kwa sababu watakuoza kwa nguvu. Umekimbia kwa sababu ulilolianza kwa mzaha limeanza kuwa la kweli, na mfukoni huna kitu. Hilo nalielewa, wala si aibu.

Aibu iko kwingine. Utani haukuwa kosa, soko bila utani hata nyanya hazinunuliki. Kosa ni kusema nitakuja, ukaacha watu wakikusubiri mezani na kikombe chako kimepoa. Halafu mtu mzima anadanganya mbele ya wenzake, wiki baada ya wiki, ili wewe usionekane huna adabu, nawe unaniandikia habari za nauli ya soko la mbali. Hapo ndipo nilipokasirika kidogo.

Fanya hivi. Soko la upande wa pili lisahau. Jumamosi hii nenda kwa mama, na uende asubuhi anapopanga, usiende jioni anapofunga, asije mtu akadhani umefuata nyongeza. Anza kwa kumsaidia kushusha makreti. Mwamkie vizuri, na lile neno la mkwe liache hosteli. Kisha mwambie, "Mama, sikuwa na mitihani. Niliogopa, naomba unisamehe." Uishie hapo, maana ulimi wako ukianza kunoga utaharibu kila kitu. Atakusema, na muuza vitunguu atakusema zaidi. Simama usemwe. Baada ya hapo nunua fungu moja kwa bei yake, ulipe yote bila kuomba chochote. Mhazini akinung'unika mwambie ni amri yangu, na kama ana njaa sana, soko anaweza kwenda hata yeye. Ukialikwa chai tena, nenda, na usiende mikono mitupu, hata paketi ya sukari ni kitu.

Habari ya binti ni ya binti. Usiipeleke kwa mama, wala usiipitishe kwenye nyanya. Simu yako ikiharibika tena, na ninavyoona itaharibika, mlipe kazi yake kama wateja wengine, umsalimie, uongee naye kama mtu. Akikutaka atakwambia, huyo maneno hayampi shida. Akikukataa, ulipe hivyo hivyo, na njia fupi ubadilishe. Kuoa kutasubiri uwe na godoro lako.

Na Jumamosi hiyo, ukishalipa, mama akichukua nyanya moja akakutumbukizia mfukoni, usikatae wala usitafute la kuchekesha. Mwambie asante. Hiyo nyanya haikuwahi kuwa ya mkwe. Ilikuwa yako tangu siku ya kwanza.