Jina la Zuberi Nahimana kwenye Ndege ya Tisa

Mwaka mzima umekatika, Papa Zuberi, tangu ulipotutoka hapa Auderghem, Brussels. Watu wanatuambia tutazoea. Hatujazoea, na hatuna mpango wa kuzoea.

Miaka ya themanini Bujumbura ilikujua kama dereva wa mbio za magari, mmoja wa vijana wa kwanza wa mtaa wa Buyenzi kushindana na wenye magari ya maana. Mama Rukiya alikaa kulia kwako, daftari mapajani, akikusomea kona moja baada ya nyingine, nawe ukimjibu "Nimesikia" kabla ya kukata usukani. Huku Brussels ukageuka dereva wa polepole kuliko wote. Ukipita Flagey, basi zima lilikupigia honi nyuma, na wewe unawapungia mkono watoto wanaovuka. Ulisema mbio ulizimaliza kwenu.

Kisha ukaanza kutengeneza ndege. Ndege ndogo za watu wawili, karakana iko nyuma ya nyumba, sisi tunakula na harufu ya gundi. Nane zimeruka. Ya tisa uliiacha bila injini.

Hukukubali kukaza hata bolti moja kimya kimya. Ilikuwa lazima Mama asome kazi kwa sauti kama zamani barabarani: "Bawa la kushoto, bolti ya nne." Unajibu "Nimesikia," unakaza, naye anaandika tarehe daftarini. Wateja walikuwa wanacheka. Hakuna ndege yako hata moja iliyoanguka.

Ulikuwa mpole, Papa, na upole wako umetuumiza. Ulipoanza, karatasi zetu za ukimbizi zilikuwa hazijatoka, basi mwenzako Hervé, mwenyeji wa hapa, akaandikisha karakana kwa jina lake. Tulipopata uraia hukubadilisha kitu. Ndiyo maana ndege zote nane zina kibati kinachosema zilitengenezwa na Hervé, mtu aliyeonekana karakana siku za kupiga picha tu. Binti yako Amira alipokuuliza, ulimjibu: "Bon, mama yangu, wachana na hiyo. Yeye iko na papier, mie niko na ndege."

Hatukuachana nayo.

Arobaini yako haijafika, Hervé akapiga simu. Alisema ataichukua ndege ya tisa, aimalizie, aipigilie kibati chake kama zile nyingine. Alisema kwa heshima zote. Mama naye akamjibu kwa heshima zote: "Monsieur Hervé, kuja na karatasi zako. Mie nitakuja na zangu."

Mwezi wa tatu mkaguzi wa ndege alikuja karakana kuona nani ni mtengenezaji. Hervé alileta michoro yenye mihuri. Mama alileta madaftari. Mkaguzi akasema Kiswahili hakijui. Mama akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, mwanao Mansour akitafsiri kwa Kifaransa, na mkaguzi akawa anafuata kwa tochi, bolti kwa bolti, saa mbili nzima. Kila iliyotajwa ilikuwa mahali pake. Mwisho akamgeukia Hervé, akamuuliza bawa la kushoto limeshikwa na bolti ngapi. Hervé akafungua michoro, akafunga, akafungua tena.

"Donc, douze," akasema: kumi na mbili.

"Quatorze," kumi na nne, Mama akasema, daftari limeshafungwa.

Siku hiyo Mama alilia, na si kwa furaha. Kila aliposoma mstari alikuwa ananyamaza kidogo, anakusubiri umjibu. Mkaguzi alidhani amechoka, akamletea kiti.

Ndege ya tisa sasa ina kibati chake: Mtengenezaji, Zuberi Nahimana. Mansour aliifungia injini, na mwezi wa sita akairusha, Mama akiwa kulia kwake. Zimebaki nane. Wenye ndege hizo tumewaandikia wote wabadilishe kibati, na kila mmoja tumemtumia kurasa za daftari la ndege yake. Hervé ametuomba tuyaache yaliyopita kwa ajili ya marehemu. Tumemjibu kwamba marehemu ni wa kwetu.

Tunajua ungekuwepo ungetuambia tuache. Tulikutii mambo mengi, Papa. Hili hapana. Ulivumilia kwa sababu ulikuwa mgeni, ukaogopa tutafukuzwa. Wajukuu zako wamezaliwa hapa, hawamwogopi mtu, na wanataka kujua babu yao alifanya kazi gani. Tutawaonyesha ndege tisa.

Unakumbukwa na mkeo Rukiya. Wanao Mansour na Amira. Wajukuu zako Rayan na Aïcha. Na kinyozi wako Djibril wa Galerie d'Ixelles, ambaye kila Jumamosi asubuhi bado hamruhusu mtu kukalia kiti chako. Mwenyezi Mungu akurehemu na akulaze pema.

Daima tutakukumbuka, Papa, utake usitake.