Sanduku la Barafu na Dakika Ishirini

Jumatatu, 3 Machi

Mimi niliyevuka mipaka saba na malori, siku hizi nabeba sanduku la barafu! Kutoka chumba cha upasuaji mpaka maabara. Mwisho dakika ishirini, la sivyo kipande cha nyama ya mgonjwa kilichomo kinaharibika. Wenzangu hutumia kumi na tano. Mimi tisa — na ngazi zote zile.

Leo daktari wa maabara kanieleza ninachobeba. Ndani ya chembe za mwili kuna RNA. Baadhi ni maagizo ya kutengeneza protini. Nyingine hazitengenezi kitu — zamani zilionekana takataka. Kumbe ndizo zinazonyamazisha maagizo haya na kuachia yale. Zikienda kombo, chembe za tumbo zinaweza kusahau kuacha kukua. Saratani hiyo. Nikamwambia hizo nazijua: ni mimi nyumbani. Sipiki, sifui, lakini bila amri zangu nyumba haiendi. Kacheka mpaka kavua miwani.

Niliishia darasa la sita, na nimeelewa!

Jumatano, 5 Machi

Nimemsimulia Mama Watoto pale wodini alikolazwa. Kasema nyumba ilienda vizuri sana nilipokuwa safarini. Anacheka huku kashika tumbo. Kesho wanautoa ule uvimbe wake wa tumboni. Kasaini kipande kiende maabara kwa utafiti. Yeye hakitamfaa, kasema, labda kitawafaa wa baadaye.

"Utanibeba wewe?"

"Nani mwingine?"

"Basi usinikimbize kama lori."

Alhamisi, 6 Machi

Dakika ishirini na sita.

Sanduku lina namba, halina jina, lakini upasuaji wa tumbo leo ulikuwa mmoja tu. Nikatembea. Kila ngazi nikatua polepole, asitikisike. Kwenye kona nikasimama, nimelikumbatia, nikamwambia mambo. Hayo siandiki.

Daktari akatazama saa, akanitazama mimi. Nikasema ni mke wangu. Akaandika ishirini na sita — kwenye karatasi hadanganyi — akasema atajaribu hivyo hivyo, nirudi kwa mgonjwa wangu. Zawadi moja aliyotoa mke wangu, nami nimeichelewesha kwa mapenzi. Nitamwambiaje?

Nipo kwenye benchi nje ya upasuaji. Nesi alisema wanamshona. Sasa mlango umefunguka. Mpasuaji kashusha barakoa, ananitafuta kwa macho. Hatua kumi tu. Mimi, bingwa wa dakika tisa — miguu imegoma, ni mkono tu unaoandika