Masaa ya Odette

Jumatatu, 7 Oktoba

Daftari la mlangoni limeloa tena. Mlinzi analiweka chini ya thermos yake ya chai. Nimemwambia mara ngapi. Nimeingiza masaa ya Ijumaa kwenye kompyuta: wachambuzi wa kahawa thelathini na wanane, wote wanawake. Kuingia, kutoka, kurudi, kwenda nyumbani. Fomula inajumlisha na kutoa yenyewe. Niliitengeneza mimi miaka miwili iliyopita na bado naipenda.

Odette pekee ana 7.00 kila siku badala ya 8.00. Amerudi kazini tarehe mosi baada ya kujifungua. Mama yake anatembea na mtoto kutoka Munigi, na Odette anatoka kumnyonyesha nje ya mlango. Nusu saa asubuhi, nusu saa mchana. Fomula inakata.

Jumanne, 8 Oktoba

Chef wetu, mkubwa wa kiwanda, Papa Anselme, ametangaza. Mikataba ya mwaka itasainiwa mwisho wa mwezi. Anayepungukiwa zaidi ya masaa kumi asijisumbue kuleta kalamu. Orodha nitaitoa mimi.

Odette tayari amepungukiwa sita. Mume wake hana kazi tangu walipokimbia vita Masisi. Yeye ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko wote mezani, na anaimba vibaya kuliko wote. Sijalala vizuri.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nane. Nimemwita Odette pembeni nikamwonyesha mstari wake kwenye skrini. Mawili tu yamebaki, kisha basi. Akasema, "Asante, Papa Déo." Alisoma ule mstari mara mbili.

Nimejisikia mtu mwema siku nzima.

Ijumaa, 11 Oktoba

Odette 8.00. Hakutoka.

Jumatatu, 14 Oktoba

8.00. Mama yake hajaonekana mlangoni. Wamepanga mambo yao, nadhani. Nimefurahi kuona safu nzima inalingana.

Jumanne, 15 Oktoba

8.00. Haimbi. Nimelalamika juu ya uimbaji huo tangu mwaka jana, sasa kimya kinanisumbua.

Jumatano, 16 Oktoba

Leo nimejiaibisha na ninastahili.

Asubuhi nilipita kati ya meza. Blauzi ya Odette imeloa kifuani. Nikatazama juu, nikasema bati linavuja, nitamwita fundi. Meza nzima ikanitazama. Hakuna mvua tangu jana. Kisha mmoja akacheka, sio kwa ubaya, akaniambia, "Papa Déo, ile ni maziwa."

Na hapo hapo tukasikia mtoto. Mama yake Odette yuko mlangoni. Mtoto amekataa uji, amekataa chupa, analia toka Munigi. Odette hakuinua kichwa. Mikono inachambua, machozi yanaanguka kwenye kahawa. Nilijua kwa nini hasimami. Ni mstari ule niliomwonyesha mimi.

Nikamwambia, "Simama, mwanangu. Enda kwa mutoto." Akaniuliza, "Na masaa?" Nilimshika kiwiko nikamtoa mwenyewe. Dakika arobaini. Nimeziandika kama kawaida. Fomula imezikata kama kawaida. Nimeichukia.

Nyumbani nimemweleza mke wangu. Akaacha kusonga ugali. "Deogratias. Batoto batano. Nilikuwa naenda nao shamba ku mugongo, nasimama kila saa. We ulikuwa unaona nini?" Sikuona kitu. Ndiyo ukweli. Nilikuwa kazini nahesabu masaa ya watu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kitabu cha sheria ya kazi kipo kabatini kwetu, chini ya magunia matupu. Panya wamekula jalada. Kinasema wazi: mama anayenyonyesha ana nusu saa mara mbili kwa siku, na ni masaa ya kazi. Masaa ya kazi. Nimesoma nimesimama.

Kwa hiyo Odette hajawahi kupungukiwa. Mimi ndiye niliyempunguza. Na akina mama waliomtangulia, hii miaka miwili? Kuna wawili ninaowakumbuka kwa majina, walionyimwa mkataba.

Kesho naingia kwa chef. Nitalazimika kusema orodha zote nilizompa zilikuwa na kosa. Naogopa. Miaka hamsini na sita sio umri wa kutafuta kazi Goma.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimeingia. Nimesema kosa ni langu, kabla ya kukaa. Nimeweka kitabu mezani, na jedwali jipya lenye safu moja zaidi: kunyonyesha. Inahesabiwa, haikatwi.

Papa Anselme alilisoma jedwali hadi chini. Kisha: "Muzee, kesho bote batasema banaenda kunyonyesha." Nikamjibu, "Chef, wenye kuwa na mutoto mulangoni tunabaona." Alitaka kucheka akajizuia. Akasema sawa, ila nusu saa hizo nizishuhudie mimi mwenyewe, kila siku, na nisaini. Lile kosa la miaka miwili tutaliongea. Hajasema lini. Ameniachia na wale wawili: niwatafute, waje wajaribu tena.

Odette: pungufu, dakika kumi, zile alizozidisha juu ya nusu saa Jumatano. Nilipomwambia, alikaa chini kwenye gunia. Halafu akaomba ruhusa atoke, kwa sababu saa nane imefika. Ruhusa! Nikamwambia asiniombe tena kitu kama hicho.

Jumatatu, 21 Oktoba

Saa nne nimeshuka mlangoni na kalamu. Nimegeuza uso upande wa barabara, kama inavyopasa. Magari ya kwenda Bunagana yanapita na vumbi lao. Nyuma yangu mtoto anameza kwa kelele, kama mtu mzima mwenye kiu.

Nusu saa ilipoisha Odette akarudi mezani. Mama yake akataka kufunga kitenge upya, akanipa mtoto nimshike kidogo. Anaitwa Exaucé. Mzito. Ananuka maziwa. Alinishika kidole akalala hapo hapo kifuani pangu. Bibi yake akaketi, akasema nimwache alale kidogo, njia ni ndefu. Sikusogea.

Nimerudi ofisini nimechelewa. Nimefungua jedwali, nikashuka hadi mstari wangu. Nimejikata dakika kumi na moja. Kwenye safu ya sababu nimeandika: mtoto alilala.