Kamusi Isiyopaza Sauti

Jumatatu, 5 Mei

Mwanangu,

Mkalimani wa kampuni ameniambia leo asubuhi kwamba mkataba wa fundi wa kreni umekwisha, na tarehe 28 anarudi kwao Uchina. Habari imetangulia salamu, nisamehe. Hujambo? Zamu za usiku zimepungua? Mimi mzima, ila mgongo unanidai, na tanuri la mikate halijui kama mtu ana msiba.

Tangu tumzike kaka yako, fundi huyo aliyefanya naye kazi anakuja kila Jumapili. Anakunywa chai, anaandika kwa kidole kiganjani, nami natikisa kichwa kuwa sielewi. Kiswahili chake ni "pole mama", basi. Siku ya msiba alizungumza mpaka jasho likamtoka. Mkalimani akanigeukia: "Anasema mtaro uliporomoka, kijana alikufa papo hapo, hakuumia." Maneno yote yale, mwanangu, yakawa haya tu?

Nataka kile kikamusi cha mashine cha kujifunzia Kichina, cha kushika mkononi. Simu yangu ni ya vitufe, na wakalimani wote wa hapa wanalishwa na kampuni. Nataka kujua mwanangu alikufaje kabla huyu hajaondoka.

Mama yako


Alhamisi, 8 Mei

Mama,

Shikamoo. Pole na mgongo. Mashuka ya wodini bado ni mlima, lakini sijambo.

Muuzaji alinitolea vitatu. Cha kwanza kina kioo kipana, ila bila mtandao ni cha kujitazamia sura. Cha pili unaandika herufi kwa kalamu yake, kinakupa maana kimyakimya. Kimeshatumika na pembe imechubuka. Cha tatu kinasoma kila neno kwa sauti.

"Dada, kwa hiki hata kipofu anajifunza."

"Na kiziwi?"

"Kiziwi atachukua cha pili."

Nimechukua cha tatu. Ndicho wanafunzi wanachogombania.

Shida ni kwamba vyote vinatafsiri kwa Kiingereza, na Kiingereza chako kinaishia kwenye pakiti ya hamira. Nimekuwekea na kamusi yangu ya shule. Utatoka Kichina kwenda Kiingereza kwa mashine, halafu Kiingereza kwenda Kiswahili kwa kitabu.

Mama, naomba Mungu mkalimani awe alisema kweli.

Mziwanda wako


Jumatatu, 12 Mei

Mziwanda wangu,

Marahaba. U mzima? Mzigo ulifika salama. Nakurudishia.

Usikasirike. Jana fundi alipokiona alicheka. Sikuwa nimewahi kuona meno yake. Akaandika neno moja, na kidude kikapayuka kama mnadi wa mitumba! Fundi akakifunika kwa viganja viwili, akatazama dirishani. Dereva wa kampuni ndiye humleta, na humsubiri pale nje. Alikuwa ameshusha kioo cha gari na kugeuza shingo. Fundi akaondoka, chai inafuka moshi.

Nimeminya kila kitufe. Sauti inapungua, haiishi.

Kama kaka yako alikufa papo hapo, fundi anaogopa nini? Nitumie kile cha kalamu.

Mama yako


Ijumaa, 16 Mei

Mama,

Shikamoo. Muuzaji amelalamika: "Unarudisha kijana unachukua kikongwe?" Nikamwambia mama yangu anapenda wazee wanaotunza siri. Akacheka, akabadilisha. Nimekijaribu chumbani, hakitoi hata mlio.

Tangu barua yako usingizi umenikimbia. Kamusi tunaweza kuibadilisha, Mama. Utakachokijua hakirudishwi dukani. Umeamua?

Mziwanda wako


Jumatatu, 19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Kaa chini kabla hujaendelea.

Hakufa papo hapo. Jana fundi aliandika, mimi nikafunua kurasa, mpaka dereva akaanza kupiga honi. Udongo ulimshika kaka yako kifuani. Msimamizi alikataza watu kuchimba, akasema wasubiri mashine ya kuchimbia itoke kambi nyingine. Fundi aliandika "subiri". Kisha akavua saa yake ya mkononi, akaweka kidole kwenye saa nane, akakizungusha polepole mpaka kumi na mbili.

Hakuwa peke yake. Fundi alikaidi, akashuka, akachimba kwa kofia yake ya kazi, halafu kwa vidole. Kucha zake bado hazijaota. Kaka yako hakulia. Alikuwa akijigonga kifundo cha mkono kuuliza saa, kama wafanyavyo wakikaribia kutoka kazini, naye fundi anamwonyesha saa. Akigonga, anaonyeshwa. Mara ya mwisho alionyeshwa, hakutazama.

Nilitafuta neno "shahidi" kwenye kitabu, nikaliandika kwa Kiingereza, herufi moja moja, mashine ikatoa la kwao. Fundi alitazama dirishani, akalitazama tena lile neno, akaitikia kwa kichwa.

Leo nimekwenda kwa afisa wa kazi. Kiingereza anakijua, kwa hiyo mashine inamtosha. Atamsikiliza fundi Jumanne tarehe 27, saa tatu asubuhi, chumba namba nne, mkalimani wa kampuni asiwepo. Jumapili nitamwandikia fundi siku na saa, naye atatoka kambini kwa miguu, dereva asijue. Gari la uwanja wa ndege linamchukua kesho yake.

Omba ruhusa kazini. Uje Jumatatu ijayo.

Mama yako