Mazoezi ya Kunawa Mikono

Kamembe, Jumatano jioni

Dada Mukundwa,

Natangaza rasmi, kwako na kwa Bukavu yote, kwamba choo chetu kimepata kifuniko.

Kesho mkaguzi anakuja kuona kama nyumba hii inafaa kulea watoto. Akikubali, nitabaki na wale saba. Akikataa, mama zao wanaovuka mpaka kuuza nyanya huko kwenu watawabeba tena mgongoni, na mimi na mwanangu Gisa tutarudi kwenye kimya kile cha tangu baba yake aondoke. Habari zake usiniulize. Simu bado haipatikani.

Uani nimetundika jerikani ya kunawia: unakanyaga kijiti, maji yanamwagika. Leo nimemwomba jirani Mbarushimana, yule wa pikipiki, ajifanye mkaguzi. Ameingia na kaske, ile kofia yake ngumu ya pikipiki, kwapani, amekunja uso kama karani.

"Batoto, munanawaka mikono saa gani?"

Ikirezi, wa miaka minne, akajibu kwa sauti ya kanisani: "Mugeni akikuja!"

Mbarushimana alicheka mpaka akakaa chini. "Maman Gisa, huyu atakufungia nyumba!"

Mimi sikucheka, maana mtoto amesema kweli. Basi mchana kutwa tumenawa: kabla ya uji, baada ya choo, baada ya kumshika kuku. Kile kijiti wanakipenda kuliko mimi. Jioni mama yake Ikirezi alipofika kumchukua, alizuiwa mlangoni: "Nawa kwanza!"

Kesho sina hofu, dada. Watoto wako tayari kabisa.

Mdogo wako,
Patricie

Nilisahau: sabuni imeisha.