Kanda ya Marehemu

Mwenzangu, nimeaibika mbele ya wakwe watarajiwa wa mjukuu wangu! Weka kazi chini usome.

Binti huyo alitaka kuwachezea wageni wimbo alioupenda marehemu babu yake. Simu ikajibu kwamba wimbo huo haupatikani tena. Akalia, "Lakini ni nyimbo yangu!"

Nikamwambia, "Kwanza ni wimbo wangu, si nyimbo yangu. Pili, si wako, umeuazima. Wa kwangu umo kabatini."

Nikaleta kanda, ambayo sikuigusa tangu tumzike mzee. Nikaitia redioni kwa madaha.

Wimbo ulilia kidogo, ukakatika. Ikaja sauti ya mume wangu. Ya mume wangu, mwenzangu! Miaka kumi na mmoja kaburini, naye ananiigiza: "Si kiti yangu, mbumbumbu wewe! Ni kiti CHANGU!" Kisha akacheka mpaka akakohoa.

Mkwe mmoja, aliyekunja uso tangu afike, alicheka hadi chai ikamtoka puani.

Nikairudisha nyuma niisikie tena sauti ile. Redio ikaanza kuitafuna kanda! Nikapiga ukelele: "Niokoleeni kanda changu!"

Nimefundisha sarufi miaka thelathini na minne!

Binti akaichomoa taratibu, akaizungusha kwa penseli, akaninong'oneza, "Kanda yangu, Bibi."

Imepona. Nimemruhusu aihamishie simuni, nawe nakutumia sasa hivi. Isikilize, uihifadhi, usiifute.

Hiyo "changu" yangu ndiyo uifute.