Ndoo za Aiskrimu Zimerudi Louisville

Tonton,

Nimemaliza shule. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiniuliza kila Jumapili kwenye simu kutoka Buffalo, hata kabla ya salamu. Nilivaa joho la bluu, Mama akapiga vigelegele mpaka mwalimu mmoja akaziba masikio, na jina langu wakalitamka vibaya kama kawaida yao. Ukumbini sikulia. Nililia ndani ya gari, nilipotoa simu ili nikutumie picha.

Nakuandikia kwa Kiswahili na nimejitahidi nisichanganye. Wewe, mjomba wangu, ndiye uliyenifundisha kukisoma, na wewe ndiye uliyekataa kunisikia kila nilipokujibu kwa Kiingereza. Ulikuwa ukinitazama usoni kabisa na kusema, "Kuna mutu anaongea humu ndani? Mimi sisikii kitu."

Pasi yako tuliichukua kule Buffalo. Sasa mimi ndiye ninayepiga pasi nguo za kanisani kila Jumamosi mchana, ingawa kola za mashati hazinyooki kama ulivyokuwa ukizinyoosha wewe. Nikipiga pasi nafungua zile filamu zetu. Mama haelewi. Anasema filamu za kashfa si za msichana anayeomboleza. Sijui nimweleze vipi kwamba ndizo zilizokuwa mpira wako wa miguu.

Wewe ulizijua kashfa za nchi hii kuliko sisi tuliozisoma darasani. Rais aliyerekodi maneno yake mwenyewe mpaka kanda zikamng'oa. Wale wanaume weusi wa kusini walioachwa na kaswende bila dawa ili madaktari waone mwisho wake, hadi mtu mmoja wa ndani alipochoka kunyamaza akaenda kwa waandishi wa habari. Watu wa sigara walioapa kwamba hawajui, na mwenzao aliyesema wanajua. Na yule mama wa nyumbani wa upande wa Niagara, aliyegonga mlango mmoja baada ya mwingine kwa sababu mtoto wake anaumwa na shule yake imejengwa juu ya sumu iliyofukiwa. Yule ulimpenda kuliko wote. Ulisema anafanana na bibi yangu Koko akikasirika.

Mimi nilikuwa nakueleza maneno magumu ya Kiingereza, wewe ulikuwa unanieleza kwa nini watu wanaogopa. Kisha ukweli unatoka, muziki unapanda, majina yanaanza kupita kwenye kioo, na wewe unabaki na pasi hewani.

"Bon. Na kiisha, huyu mutu alikula wapi?"

Kila filamu, swali lile lile. Nami nilikuwa naenda kutafuta kwenye simu. Mara nyingi majibu hayakuwa mazuri. Mmoja alipoteza kazi, mwingine nyumba, mwingine mke. Wengine walikuja kupewa tuzo wakiwa wazee. "Tuzo haiingiake mu sahani," ukasema, ukaendelea na mashati.

Kwa hiyo siku ile ya mkaguzi kule kiwandani ulikuwa unajua. Hilo ndilo nililotaka watu walijue, Tonton. Hukuteleza ulimi, wala hukuwa mjinga. Ulikuwa umeliuliza lile swali mara nyingi, na jibu lake ulilijua.

Nisamehe nikikusimulia kisa chako mwenyewe. Nakisimulia kwa sababu ndicho nilichoambiwa nisikisome.

Kile kiwanda cha Jeffersontown, hapa Louisville, cha vyakula vya kugandisha, kiliondoa kifuniko cha chuma kwenye mashine ya kukata mboga ili kazi iende mbio. Wote mliona, na wote mlikuwa na watoto wa kulisha. Mama Zawadi, mwenzenu kwenye mashine ile, akapoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Mkaguzi wa serikali alipokuja alikuwa na mkalimani kwenye simu, lakini kwa kelele za mle ndani hakuna aliyesikia kitu. Meneja akasema, tuna mtu wetu hapa. Mtu wao ulikuwa wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukitafsiri kila kitu kwenye laini ya kazi, kuanzia saa za mapumziko hadi matusi. Kabla hamjaingia kwenye chumba cha mkutano alikuvuta pembeni akakwambia uwaambie wenzako waseme mama yule alikuwa anachezea simu.

Ulitusimulia jioni ile ukiwa bado na wavu wa nywele kichwani. Ulisema ulimgeukia mkaguzi ukatafsiri kwanza maneno ya meneja, yote, huku mwenyewe amekaa pale pale: ameniomba niwaambie hawa waseme hivi. Kisha ukamwambia, sasa uliza swali lako, nitakupa majibu yao. Mama alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Alikuuliza, "Bahati, juu ya nini ulifanya vile?" Wewe ukasema, "Nilipewa kazi ya kutafsiri. Nilitafsiri."

Kifuniko kikarudishwa. Lakini laini ilifungwa kwanza, na ilipofunguliwa tena watu wa zamu ya jioni hawakuitwa, na wengi wao walikuwa watu wetu. Wewe pia, ajensi ya kazi haikukupigia tena. Kanisani kule Shively watu walianza kukusalimia kwa haraka, kama mtu mwenye mafua. Papa Mose, aliyekuwa akikupa lifti kila asubuhi, akaanza kupita njia nyingine. Ukaenda Buffalo, kwa rafiki yako wa kambi ya wakimbizi, na ukapata kazi ya kufua mashuka ya hoteli.

Moyo wako ulisimama huko huko kazini. Theluji ilikuwa bado haijaisha. Tulikuzika kule kwa sababu kukusafirisha kulitushinda. Naomba uelewe.

Baada ya mazishi tulikwenda kutoa vitu vyako. Chumba kilikuwa safi. Mama akafungua friza akaita, "Neema, njoo uone." Ilikuwa imejaa ndoo za aiskrimu, zile kubwa za plastiki, na ndani yake hamkuwa na aiskrimu hata moja. Ilikuwa sombe. Sombe ya mawese, iliyopondwa vizuri na kugandishwa kama jiwe. Tulishangaa, kwa sababu wewe hata wali ulikuwa unaunguza, sembuse majani ya muhogo. Mama akasema labda ulijifunza kwa upweke. Ile uliyoacha tuliwapa majirani zako Warundi. Ndoo Mama akaziosha akazipanga kwenye buti ya gari. Unamjua dada yako, hatupi ndoo.

Koko akaamua matanga yaondolewe kwake, Columbus, kwa kuwa ni katikati: watu wa Buffalo washuke, watu wa Louisville wapande. Nilidhani wa Louisville hawatakuja, lakini walikuja. Papa Mose mwenyewe ndiye aliyeendesha basi dogo la kanisa, na Mama Zawadi alikaa nyuma yake na sufuria mapajani. Watu wetu ndivyo walivyo, Tonton. Watakununia mwaka mzima, na ukifa watakuletea wali.

Wasifu wako uliandikwa na mzee wa kanisa, Papa Elia. Mimi nikachaguliwa kuusoma kwa sababu watoto wengine wa rika langu hawawezi kusoma Kiswahili bila kukwama. Hilo ni kosa lako. Unajua nilivyo. Shuleni nilikuwa naomba walimu nitoe mada peke yangu wakati wa chakula, mlango umefungwa.

Karatasi ilikuwa nzuri. Ulipozaliwa, kambi, ndege, ubatizo. Halafu ikaja sentensi hii: "Alifanya kazi kwa bidii Louisville, kisha kwa mapenzi ya Mungu akahamia Buffalo."

Nilimpelekea Mama jikoni kwa Koko. Alikuwa anakata vitunguu na hakuinua uso. Aliisoma, kisha akasema, "Soma vile imeandikwa. Hawa watu ndio watatuzika na sisi." Hakusema kwa hasira. Ni kweli, Tonton. Wao ndio waliochanga, na wao ndio waliokesha nasi. Nilimwambia sawa.

Nikasimama sebuleni, watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Nikasoma mpaka nilipofika "kwa mapenzi ya Mungu", na sauti ikaniishia. Sitaki uite huo ushujaa. Na wewe unajua desturi: msomaji akikwama, wanadhani analia, na mama mmoja anaanzisha wimbo ili kumsitiri. Tantine mmoja wa kwaya akaanzisha, wote wakaitikia, mtu akanipa maji. Kwa desturi hiyo hiyo ningeweza kukaa, na mwingine angemalizia karatasi. Wimbo ulikuwa na beti nyingi. Muda wote huo nilikuwa nalifikiria swali lako, nikaona kwamba nikisoma vile ilivyoandikwa, hakutakuwa hata na mtu wa kuliuliza. Filamu yako itaishia pale, bila ukweli kutoka.

Walipomaliza kuimba nilikuwa bado nimesimama.

Nikasema Tonton hakuhamia Buffalo kwa mapenzi ya Mungu. Nikasema meneja alimpa uongo autafsiri, naye akatafsiri kweli mbele ya meneja, na sasa mashine ile ina kifuniko, na baada ya hapo hatukumpa hata lifti. Nilisema mambo hayo tu. Nilikuwa naangalia zulia.

Papa Mose akajibu kutoka kwenye ngazi: "Bahati alisema kweli, sawa. Lakini kweli yake tulilipa sisi." Wengine wakaguna kukubali. Ana watoto saba. Sidhani kama ni mtu mbaya.

Papa Elia akaona moto unawaka, akaruka haraka kwenye lile neno la mwisho linalosemwa kila matanga yakiondolewa: "Donc, ndugu zangu, kama kuna mutu iko na kitu na marehemu, aseme leo, kesho asiseme tena."

Kwa kawaida hakuna anayesema kitu. Mama Zawadi akasimama.

"Mimi niko nayo. Naomba ndoo zangu za aiskrimu."

Hakuna aliyeelewa. Koko ndiye aliyeanza kucheka, akiwa ameshika tumbo, kisha Mama, akiwa na kisu cha vitunguu mkononi, huku machozi yanamtoka. Mama Zawadi yeye hakucheka. Alisema, "Munacheka nini? Ni ndoo muzuri zile. Kila mutu mwenye alikuwa anaenda Buffalo, nilikuwa namupa sombe apelekee Bahati. Huyu mutu alisema kweli juu ya mukono yangu. Mulitaka akule wapi?"

Karibu neno kwa neno, Tonton. Swali lako. Na yeye hakuwahi kukaa na sisi kwenye filamu.

Kisha akamgeukia Papa Mose kwenye ngazi akainua ule mkono. "Papa Mose, hata wewe ulipeleka moja, ile safari ya ndoa ya mutoto wa dada yako. Nilikuambia ni aiskrimu ya pasta wa kule Buffalo. Barafu ilikuwa inayeyuka, ukawasha hewa ya baridi njia yote mupaka Buffalo ukitetemeka."

Hapo nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Hata Papa Elia. Papa Mose alisema, "Huyu mama ni shetani," lakini alisema akiwa anatazama chini, na baadaye nilimwona anakula sahani ya pili.

Hakuniomba msamaha, na sikutarajia aniombe. Wakati wa kuondoka alikuja kwenye gari letu akafungua buti mwenyewe, akabeba zile ndoo zote, zimepandana mpaka kidevuni, akazipeleka kwenye basi la kanisa. Akauliza tu, "Ni hizi zote?" Mama akasema ni zote. Ndivyo zilivyorudi Louisville.

Njiani tulivuka mto. Kisha Mama akasema, "Ulisoma vizuri." Halafu, "Usirudie." Halafu akanishika goti.

Kwa hiyo sasa unajua. Sijui kama watu wamebadilika. Jumapili iliyofuata wengine walinisalimia kwa haraka, kama walivyokusalimia wewe. Nimegundua si vibaya sana kwa mtu mwenye haya. Unafika haraka kwenye kiti.

Jambo la mwisho. Mwezi ujao naanza mafunzo ya ukalimani, wa hospitali. Mama anashangaa nitawezaje, mimi ninayejificha mgeni akibisha mlango. Lakini nimefikiria. Maneno hayatakuwa yangu. Yatakuwa ya mgonjwa na ya daktari, na kazi yangu itakuwa kuyapitisha. Nakuahidi nitayapitisha yote. Nikivutwa pembeni na kuambiwa waambie hivi, nitatafsiri na hilo pia, mbele ya aliyelisema. Nitatetemeka, lakini nitatafsiri.

Na usiulize. Najua unauliza, pasi iko hewani. Jana Mama Zawadi alipita hapa, akasema ana haraka, akaacha ndoo moja juu ya meza akaenda zake.

Lala, Tonton wangu. Mashati ya kesho yako tayari, na mimi nimeshakula.

Neema wako